Doto, Darasa Nimelifunga

Doto wangu,

Ningeanza kwa kukuamkia, lakini wewe na mimi tulitoka tumbo moja siku moja, nani amwamkie nani? Mama alizoea kututania, "Doto, mpe Kulwa shikamoo yake, yeye ndiye aliyekufungulia mlango." Nawe ulinipa, umeshika kiuno, kisha ukanifinya. Leo tuache salamu. Nimekaa barazani hapa Igogo, jua la saa nne linanipiga miguuni, na nimechoka. Si uchovu wa kazi ya jana. Ni ule ambao mtu analala nao na kuamka nao, mpaka watu wanadhani ndiyo sura yake. Nina jambo la kukueleza, lakini siwezi kulisema bila kuanza mbali. Na kwa kuwa barua hii wataisoma na wengine wasiokufahamu, nivumilie nikisimulia hata yale uliyoyaona kwa macho yako.

Unakumbuka walipowaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua pamba. Mimi nilikuwa karani wa ushirika, napiga taipu barua za kwenda vijijini. Msimu ule malori mapya yakawa yanasimama huko Magu, wakulima wanalipwa papo hapo, nasi ofisini tumekaa tunaangaliana. Siku waliponipunguza nilirudi nyumbani na sweta yangu kwenye mfuko wa rambo, nikajilaza nikageukia ukuta. Nililala hivyo siku nyingi. Wewe ulikuwa unafundisha Kiingereza Darasa la Nne, shule ya serikali, unarudi mchana una vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Hukunipa pole hata moja. Ulisimama mlangoni ukasema, "Kulwa, inuka uoge. Kesho unakuja kunishikia makadi."

"Makadi gani?"

"Utayaona. Inuka."

Siku hizo zilikuwa zimeanza kufunguliwa shule za watu binafsi za Kiingereza. Watoto wa pale walipita na tai shingoni na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, na wazazi wa huku kwetu waliwaangalia hadi wanapotelea. Wengi wao walifanya kazi kwenye viwanda vya minofu ya samaki, au walinunua mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, wakayakaanga na kuyauza. Walikuja kwako mmoja mmoja. "Mwalimu, na wetu je?" Ndipo ukaomba chumba cha nyuma ya kanisa, ukaanza darasa la jioni. Aliyekuwa na kidogo alileta kidogo, aliyekuwa na dagaa alileta dagaa.

Makadi yenyewe ulikuwa umeyakata kutoka kwenye maboksi ya viwandani, yananuka samaki. Kila moja lina kipande cha neno: "un", "ful", "less", "er", "ness". Mimi nilidhani nimekuja kukusaidia. Kumbe ulikuwa umenipeleka shule.

Siku ya kwanza watoto wamebanana kwenye mabenchi, wanangoja Kiingereza, wewe ukaandika ubaoni kwa herufi kubwa: "hawatakupikia". Wakatazamana. Ukauliza nani atakukatia hilo neno. Mwishoni Kabula, binti wa mama muuza mapanki, yule mwenye pengo mbele, akanyoosha mkono nusu.

"Ha ni kukataa."

"Vizuri. Wa?"

"Wao."

"Ta?"

"Bado, mwalimu. Baadaye."

"Ku?"

"Mimi! Yaani wewe."

Wakacheka, na ukawaacha wacheke mpaka watosheke. Kisha ukasema, "Mmeona? Mnakata maneno tangu mlipoacha kunyonya, na hakuna aliyewafundisha. Kiingereza nacho kinakatika. Tofauti ni pa kuweka kisu tu." Ukaniambia niinue kadi ya "farm", kisha ya "er" pembeni yake. "Sisi mtu tunamweka mbele, m-kulima. Hata Kisukuma, balimi, watu wako mbele. Waingereza wanamweka nyuma, farm-er." Mmoja akauliza kwa nini wamweke nyuma. Ukamjibu, "Ndivyo walivyozoea kwao. Tukienda kwao tutakaa walikotuwekea kiti."

Mimi nimesoma Kiingereza miaka yote ya shule, Doto, nimepiga taipu barua za Kiingereza, na hakuna siku niliyoambiwa kwamba neno lina viungo. Tulikariri tu. "Kindness" ilikuwa "kindness", mzigo mmoja unaubeba hivyo hivyo kichwani. Jioni ile nilipoona watoto wanapachika "ness" nyuma ya "kind", kisha wewe unawaambia hiyo ndiyo "u" yetu ya mbele, u-zuri, u-pole, nilihisi mtu amefungua dirisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na njaa. Tangu nipunguzwe kazi sikuwa nimesikia njaa.

Walikosea kwa raha. Wakishajua teach ni teacher na drive ni driver, wakataka kila mtu awe na mkia. Mpishi wakamwita "cooker". Ulicheka mpaka ukaegemea ubao. "Cooker ni jiko, jamani! Mkienda ukweni mkamwita mama mkwe cooker, mtarudishwa na mahari. Mpishi ni cook, basi, bila mkia. Hapo Waingereza walikuwa wamechoka."

Halafu siku ile Kabula akauliza, "Mwalimu, kama teacher ni anayefundisha, sister ni anayefanya nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Wewe hukucheka. Ulinitazama nilivyosimama na makadi yangu kifuani, kisha ukamgeukia. "Kata tuone. Ukitoa er kinabaki nini?"

"Sist."

"Sist ni kitu gani?"

Akafikiri kwelikweli. "Si kitu, mwalimu."

"Basi rudisha kisu. Ukikata neno, kipande kinachobaki kikakosa maana, ujue halikutaka kukatwa. Mengine yamezaliwa mazima."

Sijui kama ulisema vile kwa ajili yangu. Sikukuuliza. Tulifunga mlango, tukashuka mteremko na ndoo zetu kwenda kuchota maji, tukazungumza habari za unga.

Sauti yako ilikuwa imeanza kukwaruza tangu kiangazi. Tulisema ni chaki, tukasema ni vumbi la upepo wa ziwani, ukawa unatafuna tangawizi. Mama alituma majani kutoka Sengerema, ukayachemsha, ukayanywa. Wakati huo huo yule mwenye shule ya tai na soksi alikuwa amesikia habari zako. Alikuja jioni moja akakaa benchi la nyuma, mtu mzima mwenye miwani, ametulia. Baada ya kipindi akakuomba uende shuleni kwake ufundishe somo moja la kuonyesha, akipenda akuajiri. Asubuhi nikakukuta unapiga pasi gauni la bluu. "Nikipata pale," ukasema, "mshahara wa pale utaendesha darasa la hapa. Tutanunua hata mabenchi."

Nilikusindikiza, nikangoja nje karibu na dirisha. Darasa lilikuwa na vioo na ubao wa kijani, watoto wamekaa kama watu wazima kwenye mkutano. Uliandika "unhelpful". Ukaanza vizuri, sauti imekwaruza lakini inasikika. Ukasema "un", wakaitikia. Ukafungua kinywa kusema "help", na hakikutoka kitu.

Ukajaribu tena. Hewa tu.

Watoto walidhani ni mchezo, wakacheka kidogo. Mwenye shule akainua uso. Nami nje nikashika nondo za dirisha, maana nilikuwa nakujua, nilijua ukitaka kulia kidevu kinafanyaje. Kidevu kilifanya hivyo mara moja tu. Kisha ukageukia ubao, ukaweka kiganja juu ya "un" ukaifunika, ukawatazama. Wakapiga kelele, "Helpful!" Ukafunika "ful". "Unhelp!" Ukatikisa kichwa, ukakunja uso kama aliyeonja ndimu, nao wakacheka, wakaelewa hilo halipo. Ukafunika vyote viwili ikabaki ile ya katikati, wakaitaja. Somo zima ulilimaliza hivyo, bila neno, kwa viganja viwili. Nimeona walimu wengi tangu siku hiyo. Sijaona somo kama lile.

Mwenye shule alitutoa hadi getini. Hakuwa mtu mbaya, niseme haki. "Dada," alikuambia, "ufundishaji wako nimeuona, sina shaka nao. Ila wazazi wa hapa wananilipa wasikie watoto wao wakisema. Mwalimu asiye na sauti nitawaelezaje? Nenda hospitali kwanza. Ukipona, rudi." Ukamshukuru kwa kichwa. Tulitembea mpaka tukaona ziwa, ndipo uliponong'ona, sikio langu karibu na mdomo wako, "Walikata vizuri, eh?"

Hospitali kubwa ya mlimani walikuangalia koo kwa kioo, wakaitana. Daktari aliongea na mimi badala ya wewe, kana kwamba aliyepoteza sauti amepoteza na masikio. Uvimbe. Mionzi ipo Dar es Salaam tu. Tukauza cherehani, shule yako ikachangisha, mama akauza ndama, tukapanda treni. Pale Tabora watu walikuja madirishani na asali, nikakununulia, ukailamba kwenye kijiko siku nzima kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kinapita bila kukuumiza. Dar nisiieleze. Unaijua ile korido kuliko mimi, na mengine ni mambo ya mtu na ngozi yake.

Tuliporudi uvimbe ulikuwa umepungua, sauti haikurudi. Shule ya serikali ikakupa likizo ya ugonjwa. Nikadhani na darasa la jioni limekwisha. Lakini Jumatatu nikakuona umejifunga kilemba, makadi mkononi, unanielekeza mlangoni kwa kidevu.

"Unakwenda kufundisha na nini?" nikakuuliza.

Ukaninyooshea kidole.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa sauti yako. Wewe uliketi mbele na makadi mezani, ukiinua hili na lile, nami nimesimama nasema. Ulikuwa na rula ya mbao. Nikikosea, unagonga meza mara moja. Na nilikosea, maana ulimi wangu wa Kisukuma ukifika kwenye "l" na "r" unachagua unavyotaka wenyewe. Ulinipa "careless", nikasema "caleress". Gonga. Nikasema "caleless". Gonga. Watoto wamejiziba midomo. Nikavuta pumzi, nikasema "care," nikangoja, nikasema "less," na ukainua rula juu kama mwamuzi wa mpira, darasa likashangilia. Kabula akasema, "Mwalimu Kulwa naye anafundishika!" Doto, ulicheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanatoka. Nilikuwa nakuudhi kwa mambo mengi nyumbani, lakini pale nilikuchekesha.

Jioni ya mwisho uliyokaa darasani mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna sauti iliyosikika, wote tukawa sawa na wewe. Watoto walikuwa wamekwama kwenye "unfaithfulness", neno refu ulilowapa makusudi. Nikawaonea huruma, nikaenda ubaoni kuwachorea mistari ya mahali pa kukata. Ukanivuta kanga. Nikainama, ukaninong'oneza, "Usiwakatie. Waache wakate wenyewe." Nikarudi nikasimama. Ilichukua muda mrefu, mvua ikapungua, nao wakalikata wenyewe, un, faith, ful, ness, wakibishana mpaka kwa ngumi. Juma lililofuata ulilazwa. Hukurudi Igogo.

Tulikuvusha Kigongo asubuhi. Pantoni ilikuwa na ng'ombe na lori la mahindi, ikabidi jeneza liwekwe pembeni, karibu na mnyororo. Mama yake Kabula alivuka nasi, beseni lake ameliacha kwa jirani siku hiyo, na njia nzima alinishika mkono, ameuweka kwenye mapaja yake kama anashikilia mzigo usidondoke. Ng'ambo, Busisi, mama alikuwa ametangulia kutungoja gatini, amekaa juu ya jiwe. Aliniona nashuka peke yangu. Tangu tuzaliwe hakuwa amezoea kuita jina moja bila la pili kulifuata. Aliita, "Kulwa," akasita, akaangalia chini.

Watu waliniambia niache darasa. Mimi si mwalimu. Lakini watoto walikuja tu, baada ya matanga, wakakaa, wakanitazama. Nikainua kadi. Nimeinua kadi hizo miaka yote hii, Doto. Nikikosea hakuna anayegonga, na jambo hilo lilinichosha kuliko kazi yenyewe: kusema neno na kusikiliza kimya, hujui kama umepatia au watoto wameheshimu tu. Asubuhi nilikaanga maandazi ya kuuza, mchana nilimpelekea mama dawa alipopatikana mtu wa kuvuka nazo, jioni darasani. Makadi yalichakaa nikakata mengine. Watoto walikuja, wakakua, wakaja wadogo zao.

Utauliza Kabula yuko wapi. Alimaliza Darasa la Saba, kwenye majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari hakuwemo. Mama yake hakuwa na namna ya kumsomesha shule ya kulipia. Yuko kiwandani, anasimama kwenye meza ya barafu na magamba mpaka jioni. Nilikutana naye langoni wakati wa kubadilishana zamu, amevaa buti nyeupe, vidole vimekunjamana kwa maji. Aliponiona alinipa shikamoo, kisha akanivuta kwenye boksi lililopakiwa lililokuwa linangoja gari, akaweka kidole juu ya maandishi. "Angalia, mwalimu. Skin-less, bila ngozi. Bone-less, bila mifupa. Wenzangu wanayabeba tu, mimi nayasoma." Alikuwa anajivuna. Nikamwambia nimefurahi, na nilifurahi. Nikaenda mpaka kwenye kona, nikasimama pale nimeshika ukuta wa mtu. Sikujua nalia kwa sababu ulimfundisha au kwa sababu hapo ndipo mafundisho yalipomfikisha.

Sasa lile jambo lenyewe. Mwezi uliopita mchungaji aliniita. Kanisa linataka chumba kile wafungue chekechea ya Kiingereza, wameshapata mwalimu kutoka Uganda, msichana mwenye cheti. Alisema kwa upole sana, "Dada Kulwa, tungependa ubaki umsaidie. Unawajua watoto." Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri kutoka mlangoni kwake mpaka getini, nikarudi nikamwambia hapana. Akadhani nimekasirika. Sikukasirika. Yule msichana nilimwona, ana sauti nzuri inayofika nyuma, na nilipomwonyesha makadi aliyashika kwa mikono miwili, akauliza unaanza na lipi. Nikamwambia anza na Kiswahili chao. Akaandika. Makadi nimemwachia yote.

Ijumaa niliwaaga watoto. Wengine walilia kidogo, wengine walifurahi kwamba watacheza mpira mapema. Nilifagia, nikafunga, nikapeleka ufunguo. Nilikuwa nangoja niumie. Nilijua utanijia, nitakuona umesimama mlangoni umeshika kiuno, unaniambia inuka. Hukuja. Pengine hata wewe unajua kwamba kuna aliyeinuka vya kutosha.

Sikuandikii kukuomba ruhusa, maana ningekuomba ningeingoja, na mimi kungoja nimeacha. Nakuandikia upate habari, na uipate kwangu kabla hujaisikia kwa wengine. Mama bado yupo, macho yamepungua, akinisikia napiga hodi huita jina langu peke yake sasa, bila kusita. Mwezi ujao nahamia kwake Sengerema nilime mihogo, nilale mapema.

Jana, Jumatatu, sikuamka alfajiri. Niliamka jua limeshaingia chumbani limefika mpaka kwenye mto. Sikukaanga kitu. Nikachemsha chai, nikaweka na maziwa, nikaketi nayo hapa barazani. Watoto wa jirani wakapita wakinisalimia, nikawaitikia bila kuwasahihisha. Nikainywa yote ikiwa bado moto.

Lala, Doto wangu. Nami nimo njiani kujifunza kupumzika.

Pacha wako aliyetangulia kuja na aliyechelewa kuondoka,
Kulwa